Siku Shani Walipokubali

Mji wa Bagamoyo wa siku zile ulikuwa haukubaliani juu ya jambo lolote, na sababu yake ilikuwa ngoma. Wanawake wa mji walikuwa nusu Zinduna, nusu Shani. Ukisema hivyo vilikuwa vyama vya lelemama tu, utakuwa umevipunja. Vilikuwa na makapteni na masajini kama jeshi la Mwingereza, vilikuwa na bibi daktari wa kuwapepea waliozimia kwa kucheza, na faini kwa aliyechelewa kusimama mstarini. Zinduna wakivaa nyekundu Idi hii, Shani watavaa kijani, hata kama kijani pekee kilichobaki dukani ni kile cha kufunikia jeneza. Zinduna wakisema kumekucha, Shani watawasha taa.

Kapteni wa Zinduna alikuwa Mardhiya, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwamsha mgonjwa. Wa Shani alikuwa Chausiku, mjane mnene mwenye macho ya usingizi, ambaye hakuna aliyewahi kumkuta amelala. Hawa wawili walikuwa hawasemezani miaka nenda miaka rudi. Ugomvi ulianza kwa wali. Katika karamu moja Zinduna walipika, wali ukatoka na kiini, na Chausiku akautungia wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililouma zaidi. Hata watoto wa Zinduna waliuimba wakienda chuoni kusoma Kurani, mpaka wakachapwa.

Haya yote yangebaki ya ngoma, kama si vita.

Mwaka wa arobaini na tatu mbiu ililia mitaani, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Serikali ilitaka watu. Wengine wa kwenda Keya, jeshi la Mwingereza, wengine wa mashamba ya mkonge, wengine wa kuvuna chumvi kwenye majaruba yaliyo pwani, kaskazini ya mji, maana jeshi nalo halili bila chumvi. Majumbe walipita nyumba kwa nyumba wakiandika wanaume. Walianza na nyumba zenye vijana watatu, wakaingia zenye wawili, na ilipoonekana idadi haijatimia, wakaanza kuchungulia nyumba zenye mmoja.

Mardhiya alikuwa na mmoja. Aliwazaa wawili, lakini Mbaruku, yule mkubwa, alikwenda na Keya huko Uhabeshi akafa kwa homa, na kilichorudi nyumbani ni sanduku lake la bati na salamu za bwana mkubwa mmoja wasiyemjua. Aliyebaki ni Rajabu, mkwezi wa minazi, kijana wa maneno machache aliyerithi urefu wa mama yake na kwa bahati njema hakurithi sauti. Mardhiya hakuwa mwoga wa mambo mengine. Lakini tangu mbiu ile ilie, kila aliposikia hodi mlangoni moyo ulimwenda mbio, hata ikiwa ni hodi ya muuza vitumbua.

Ndipo Liwali alipoleta wazo lake. Ijumaa moja baada ya sala aliwakalisha wazee barazani kwake. Wanawake nao walijazana katika nyumba ya jirani, nyuma ya madirisha yaliyofungwa nusu, Zinduna dirisha la kulia, Shani dirisha la kushoto, wakikanyagana vidole na kukonyezana.

"Nimefikiri hivi," alisema Liwali, mtu mzima aliyechoka kusumbuliwa na walio juu yake na walio chini yake. "Kazi ya chumvi iko hapa hapa mlangoni. Mtu anakwenda alfajiri, adhuhuri yuko kwake. Tukiwaandikisha wanawake wa mji chumvini, wale wanaume waliokwisha kuandikwa kule nitawatia katika hesabu ya safari, ya Keya na ya mkonge. Hapo nitaweza kumwambia Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, kwamba nyumba yenye mwanamume mmoja iachwe."

Baraza lilivuma. Mzee Mwinyimvua, ambaye kupinga kwake kulikuwa kama dawa ya tumbo, asipopinga hajisikii vizuri, alisimama akashika fimbo yake.

"Liwali, leo utamwandika mke wangu kwa chumvi, kesho utamwandika kwa bunduki. Na bunduki si mwiko wa kupikia. Mwanamke hajui amri, hajui mstari. Ukimwambia geuka kulia, atakwambia ngoja kwanza nigeuze mchuzi."

Wanaume walicheka. Nyuma ya madirisha hakuna aliyecheka, maana kila mtu alijua mke wa Mzee Mwinyimvua ni sajini wa Shani, na kila Idi mumewe ndiye aliyempakia chaki viatu vyake vya gwaride.

Akasimama Ramadhan, mvuvi mzee ambaye wanawe wawili walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. "Mimi mke wangu anachota maji, anatwanga, analima mpunga bondeni, akirudi anauza samaki wangu. Sijui ni kazi gani tunayoogopa kumpa. Nadhani kazi hatuiogopi. Tunachoogopa ni kumwandika tu."

"Kazi ya nyumbani ina stara," alisema Mzee Mwinyimvua.

"Na mwana akichukuliwa, stara hiyo mama yake ataila?"

Wakabishana hivyo mpaka sauti ikatoka dirisha la kushoto, nzito, isiyo na haraka. Ilikuwa ya Chausiku. Si desturi mwanamke kusema katika baraza la Liwali, lakini haikuwa desturi pia kuwajadili wakiwa hapo hapo wanasikia.

"Liwali, unisamehe, nina neno. Wanaume wetu waliandikwa kwa kodi ya kichwa, mimi nikiwa mtoto mdogo. Mpaka leo nani amefutwa? Serikali ikikuandika haikufuti. Vita vitakwisha, inshallah, na chumvi itakwisha, lakini majina ya binti zetu yatabaki katika kitabu chao, na siku watakapotaka watu wa kazi nyingine watafungua ukurasa ule ule. Mimi nina mabinti wawili. Sitaki waandikwe."

Mardhiya, kwenye dirisha la kulia, alijua kwamba yule mwanamke amesema kweli. Angekuwa na mabinti wawili na yeye angesema vivyo hivyo. Lakini alikuwa na Rajabu, na kwa ajili ya Rajabu alikuwa tayari kuandikwa katika kila kitabu cha Mwingereza, na kupakiwa wino mpaka kwenye kope.

Liwali alijifuta uso. "Basi waulizwe wenyewe. Ijumaa ijayo makapteni wao wanipe jibu. Lakini mji mzima ukubali, au mji mzima ukatae. Nusu siitaki. Nusu italeta fitina, na fitina za mji huu zinanitosha."

Sasa hapo ndipo lilipofanyika kosa. Sajini wa Mardhiya alikuwa Bimdogo, mwanamke mwema sana, mwenye kifua kisichoweza kuhifadhi jambo. Mardhiya alimwambia njiani, kwa kunong'ona, kwamba Zinduna watakubali. Kabla ya magharibi Bimdogo alikuwa amepita mitaa yote ya Dunda pale mjini akitangaza kwamba Zinduna wamekubali, Zinduna ndio wenye uchungu na mji, Zinduna si waoga wa maji ya chumvi. Mpaka saa ile wanawake wengi wa Shani walikuwa hawajui la kusema, maana nao walikuwa na waume na kaka. Lakini kesho yake asubuhi jibu lilikuwa limetoka, na ulilisikia kila kichochoro: Shani hatukubali.

Mardhiya alikaa juu ya kibao cha mbuzi akasahau kukuna nazi. Bimdogo alikuja kuomba radhi akilia, na Mardhiya hakuwa hata na nguvu ya kumtukana. Mdomo umeponza kichwa, ndivyo alivyomwambia tu, na kichwa chenyewe ni cha mwanangu.

Njia ya wazi ilikuwa moja, kwenda kwa Chausiku kumpigia magoti. Mardhiya aliifikiria njia hiyo siku mbili. Mara mbili alivaa buibui lake akafika mpaka kwenye mwembe uliogawa mtaa wa Zinduna na wa Shani, na mara zote mbili akarudi. Si kwamba kiburi chake kilikuwa kikubwa kuliko mapenzi yake kwa mwanawe, ingawa watu wangesema hivyo. Alimwogopa Chausiku kwa sababu alimwona ana haki. Utamwombaje mtu akupe mabinti zake, na amekwisha kusema mbele ya mji mzima kwamba hataki?

Siku ya tatu ndipo akili ilipomjia, na ilimjia akiwa anachagua mchele. Zinduna wakisema kumekucha, Shani watawasha taa. Basi Zinduna waseme usiku.

Aliwaita watu wake uani. Aliwaambia kwamba kuanzia saa hiyo Zinduna wamegeuka, hawaandikwi, na kwamba neno hilo lisemwe kisimani, kwa sauti, Shani wakiwepo. Tena litiwe na pilipili kidogo. Waseme Zinduna wamekataa kwa kuwaonea Shani huruma, kwa sababu wanawake wa Shani ni laini kama mkate wa kumimina, wakitiwa chumvini watayeyuka na kuuaibisha mji. Bimdogo alipewa kazi hiyo kuwa kafara ya mdomo wake, naye aliifanya kwa moyo wote. Walioshuhudia walisema maji kisimani yalikaribia kuchemka.

Ijumaa ilipofika, Chausiku alisimama dirishani kwake akasema, kwa ile sauti ya usingizi, "Shani tumekubali. Waliosema tutayeyuka, waje watutazame."

Dirisha la kulia nalo likajibu, kabla hata Liwali hajageuza shingo, "Zinduna hatubaki nyuma."

Mzee Mwinyimvua akapiga fimbo chini akasema dunia imekwisha. Liwali alitazama madirisha yote mawili, akatikisa kichwa, akamwambia karani aandike.

Juma lile lile jumbe alipita mbele ya nyumba ya Mardhiya na hakusimama. Mardhiya alikuwa nyuma ya mlango, amekishika kitasa. Alisikia viatu vyake vikipita na kupotea upande wa sokoni, akateleza mpaka sakafuni, akalia kwa furaha mpaka Rajabu akaja kuuliza nani kafa. Alimshukuru Mungu, na akazishukuru akili zake mwenyewe, na kusema kweli akili zilipata fungu kubwa.

Kazi ya chumvi si mchezo. Maji ya bahari yalifungiwa katika majaruba mpaka jua liyakaushe, na wanawake waliingia na kaniki zao zimefungwa juu ya magoti, wakikwangua ile chumvi, wakiikusanya vichuguu vichuguu, kisha wakiibeba kwa makanda mpaka bandani. Jua lilipiga kutoka juu na kutoka chini. Lakini watu wale walikuwa wamezoea mistari. Zinduna walishika upande mmoja, Shani upande wa pili, na kila upande ulikwangua kwa hasira ili kuushinda mwingine, hata msimamizi akaandika kwa wakubwa wake kwamba hajapata kuona wanawake wa kazi namna hii. Hakujua kwamba hawakuwa wakikwangua kwa ajili ya mfalme wa Uingereza.

Mardhiya alikwangua akicheka moyoni. Kila alipomwona Chausiku na kanda kichwani alimfinya Bimdogo, na Bimdogo alifumba mdomo kwa upindo wa kaniki. Jioni akimpakulia Rajabu wali, wakati mwingine alimtazama tu mpaka kijana akauliza kama ana kitu usoni.

Miezi ikapita. Katikati ya kaskazi, habari ikazagaa kwamba posa ya Mwanajuma imerudishwa. Mwanajuma alikuwa binti mkubwa wa Chausiku, na aliyemposa alikuwa kijana wa ukoo wa mabaharia wa Pangani, watu wenye nyumba za mawe na maringo ya kutosha. Wazee wa Pangani walituma mtu kusema kwamba wao waliposa mwari wa ndani, hawakuposa mchukuzi wa chumvi.

Zinduna waliipokea habari ile kama nyama ya Idi. Bimdogo alitunga wimbo, na wimbo ulikuwa mkali, wa mwari aliyewekwa chumvi asioze na bado akakosa mnunuzi. Mardhiya mwenyewe aliunyoosha mahali ulipokuwa umepinda. Baada ya kungoja miaka yote ile, jibu la wali wenye kiini lilikuwa limepatikana, na lingeimbwa Idi.

Kabla ya Idi hiyo, asubuhi moja chumvini, Mardhiya alimwona binti mdogo wa Chausiku, Mwanabaraka, amekaa kwenye ukingo wa jaruba akiuma ncha ya kaniki. Alikuwa na miaka kama kumi na sita. Unyayo wake ulikuwa umepasuka mpaka ndani, na chumvi imeingia kwenye mpasuko. Wa Shani walikuwa mbali bandani. Mardhiya aliangalia huku na huku, kisha akachuchumaa. Mtoto ni mtoto hata akiwa wa Shani.

"Shikamoo, mama," alisema msichana, ameshtuka.

"Marahaba. Lete mguu."

Aliuosha kwa maji ya kunywa, akaupaka mafuta ya nazi aliyokuwa ameyafunga kwenye pindo, akachana kipande cha kilemba chake akaufunga. Na kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kupumzika mikono ikiwa kazini, akasema, "Haya ndiyo matunda ya mama yako na ubishi wake. Kuambiwa mtayeyuka tu kisimani, akawaleta wanawe chumvini."

Machozi yalimtoka Mwanabaraka, na haikuwa kwa ajili ya mguu.

"Mama hakutuleta kwa maneno ya kisimani."

"Kwa nini basi?"

"Alituapisha tusiseme."

"Basi usiseme," alisema Mardhiya, na angeondoka. Lakini msichana alikuwa amebeba jambo lile miezi mingi, na mguu ulimuuma, na dada yake alikuwa amelia wiki nzima.

"Siku mliyopiga kelele kisimani, mama alirudi akatukalisha, mimi na dada. Akasema, Mama Mbaruku anatutega. Jana alikubali, leo amekataa, anataka sisi tukubali. Dada akasema, basi tumkatalie, tumkomoe. Mama akasema, yule mwenzetu alikwisha kuzika mmoja, tena bila ya kumwona. Amebakiwa na mmoja. Nyinyi mtakwenda chumvini mtarudi adhuhuri mmechoka. Yule akienda, mama yake hajui kama atarudi. Akatuuliza kama tuko radhi. Dada alikuwa amekwisha kuposwa, na mama alimwambia pale pale kwamba watu wa Pangani huenda wakachukia. Dada akanyamaza, halafu akasema yuko radhi."

Mardhiya alikuwa bado ameshika ule mguu. Hakujua kwamba ameushika.

"Na mama akasema tusicheke tukikuona unatucheka," alimalizia Mwanabaraka. "Alisema ukijua umeonekana, utaona haya."

Mambo mengine mtu huyafahamu polepole, lakini hili Mardhiya alilifahamu lote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Siku zote zile alizokuwa akimfinya Bimdogo, yule mwanamke alikuwa akimwona. Alibeba kanda lake akapita mbele ya kicheko chao, na alijua kicheko hicho ni cha nini, na akakiacha kiwe. Na ule wimbo. Mardhiya alikumbuka jinsi alivyokaa na kalamu ya kichwa chake akiunyoosha ule wimbo, neno kwa neno, juu ya mwari aliyekosa mume kwa sababu Rajabu alikuwa nyumbani anakula wali.

Jioni ile aliwaita Zinduna uani, akawaambia wimbo wa Bimdogo hauimbwi.

"Kwa nini, kapteni?" aliuliza Bimdogo, uso umemwanguka.

"Hauimbwi."

"Lakini ni wimbo mzuri kuliko wote tuliowahi kutunga."

"Najua ni mzuri. Anayetaka kuuimba aende akauimbe kwao, na akitoka asirudi hapa." Walinung'unika, wakasema kapteni amelishwa kitu, na sajini mmoja alitaka apigwe faini. Mardhiya alitoa faini hiyo pale pale, akawafungulia mlango waende zao.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Alivaa buibui, akapita ule mpaka wa mtaa mchana kweupe, wanawake wa Shani wakimtazama kutoka vibarazani kama wanavyomtazama nguruwe msikitini, akapiga hodi kwa Chausiku.

"Karibu, Mama Mbaruku," ilijibu ile sauti kutoka uani.

Hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa akimwita hivyo tena. Tangu ule msiba watu walikuwa wamehamia kwenye Mama Rajabu, kwa huruma, ili wasimkumbushe, na hawakujua kwamba kila walipomwita hivyo walimzika mwanawe mara nyingine. Mardhiya aliingia na macho yamekwisha kulowa.

Chausiku alikuwa amekaa mkekani anasuka ukili. Alimtazama mgeni wake, akamtazama vizuri, akaweka ukili chini.

"Mwanabaraka amesema," alisema.

"Usimwadhibu. Nilimtoa maneno mwenyewe."

"Yule hatolewi, anamwagika. Kaa."

Mardhiya hakukaa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, mazuri, ya adabu, yenye aya ndani yake, na yote yalikuwa yamempotea. "Nimekuja kukushukuru," alisema. "Nitasimama katikati ya Dunda niwaambie watu wote ulichonifanyia. Na Rajabu, ukikubali, amwoe Mwanajuma, nyumba yangu iwe yenu."

"Ukisimama Dunda," alisema Chausiku, "Shani wote wataniuliza kwa nini niliwapeleka chumvini kwa ajili ya mwana wa Zinduna. Wana haki ya kuniuliza, na mimi sina jibu la kuwapa. Kwa hiyo utafunga mdomo, ijapokuwa najua kwako ni kazi ngumu. Na mwanangu si sahani ya kurudishia wali. Mwanajuma ana macho, atajichagulia. Tena Rajabu ni kijana mzuri lakini ana mama mbaya."

Mardhiya alicheka na huku analia, akakaa mkekani. Uani kuku alikuwa akiparua chini ya minazi, na Mwanajuma ndani ya nyumba alisikika akisogeza vyungu taratibu, kama mtu anayetaka asikie kila neno.

"Nitakwambia kweli," alisema Mardhiya mwisho. "Ningekuwa wewe, nina mabinti wawili, na mmoja amekwisha kuposwa, nisingekubali. Nimejiuliza usiku kucha. Nisingekubali."

"Na mimi nisingekubali," alisema Chausiku.

Mardhiya alimtazama.

"Ungekuja kuniomba, ningekukatalia. Nilikuona ulivyofika mwembeni mara mbili, na mara zote nilikaa hapa hapa nikijiandaa kukukatalia. Nilikuwa na maneno yote. Ningekwambia kila mtu abebe lake. Ungerudi kwako, wangemchukua, na mimi ningebaki na haki yangu na nisingelala nayo hata siku moja. Halafu ukaja na zile kelele zako za kisimani, hujaniomba kitu, hujanipigia magoti, na mimi nikaona nimefunguliwa mlango. Nilikubali bila ya mtu wa nje kujua kwamba ni wewe niliyekukubalia." Aliokota ukili wake. "Kwa hiyo kama ni kushukuru, tushukuriane. Na tumshukuru Mungu aliyekuumba mwongo."

Mardhiya alimshika mkono, ule wenye nyufa za chumvi kama wake, akaubusu. Chausiku aliuacha ubusiwe, mara moja tu, kisha akauvuta.

"Sasa nina haja na wewe kweli," alisema. "Tangu ugomvi wetu sina mkwezi. Vijana wa Shani hawajui kukwea, wananivunjia makuti tu. Nazi zimekauka huko juu."

Rajabu aliitwa. Alikuja na kamba yake ya kukwelea begani, akasimama mlangoni akiwa hajui kama aingie, maana tangu utoto wake alikuwa hajakanyaga ua ule.

"Shikamoo, mama," alimwambia Chausiku.

"Marahaba, mwanangu," alisema Chausiku. Alimwangalia tu, kichwani mpaka miguuni, kama mtu aliyelipia kitu kwa bei kubwa akiwa hajakiona, na leo ndiyo mara ya kwanza kinaletwa nyumbani. Kijana akainamisha macho, akafunga kamba miguuni, akaukumbatia mnazi na kuanza kupanda.

Wanawake wawili walitoka kivulini wakasimama wakimtazama, mikono juu ya nyusi kwa sababu ya jua. Mnazi ulikuwa mrefu, na upepo wa pwani uliusukuma huku na huku. Mardhiya alikuwa amemwona akikwea maelfu ya mara, na hakuwa tena na hofu.

"Shika vizuri, mwanangu," Chausiku alipaza sauti, na Mardhiya aliposikia ile sauti ya usingizi ikitetemeka, alisogea karibu yake.